Ayeeyo, Meno ya Bandia na Swali Nililoogopa Kuuliza

Leo nimedanganya watu wawili kwa mpigo, na nimeshikwa palepale.

Nilikuwa mkalimani wa ayeeyo wangu, bibi mzaa mama, kwa daktari wa meno hapa Garissa.

Hana meno ya mbele, na anatamani kutafuna nyama tena.

Daktari akampa meno ya bandia ayashike. Ayeeyo akayanusa, akaniambia kwa Kisomali, "Muulize kama yana mfupa wa nguruwe. Kama yana, siyatii mdomoni."

Mnajua nilivyo na haya.

Nikamwambia daktari, "Anauliza kama ni magumu."

"Magumu sana!"

Nikamgeukia ayeeyo: "Anasema hayana."



Kisha ayeeyo, kwa Kiswahili: "Taktari, hii mtoto naogoba wewe. Mimi nauliza nguruwe!"

Wallahi sijawahi kumsikia akiongea Kiswahili!

Daktari akacheka. "Hakuna mfupa, mama. Ni unga wa plastiki, tunauchanganya na dawa unakuwa mgumu."

Ayeeyo akafungua mdomo apimwe.

Njiani nikamuuliza Kiswahili alikijifunzia wapi.

"Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini. Serikali ilitufungia Wasomali ndani ya uzio, na miti ya mswaki iko nje. Kila asubuhi nilimwomba askari ruhusa nikakate kijiti. Kisomali hakujua."

Sasa nawaza. Mimi na dada yangu tumemsengenya kwa Kiswahili mbele yake miaka yote hii.

Bibi zenu wanawaficha lugha gani?