Mwaka 1804 kwa Mama Gradi

Ukikaa kwenye kiti cha Mama Gradi, chumbani kwake kule mtaa wa Bertrams, kabla hajagusa nywele zako alikuwa akikuwekea kitabu cha historia mapajani. Jina lake mwenyewe ni Léocadie; Gradi ni mwanawe. Vita vilimtoa Uvira mwaka 1996 akiwa amebakiza muhula mmoja tu amalize sekondari, na sasa, 2004, alikuwa akisoma masomo ya watu wazima. Mikono yake ilikuwa na kazi kutwa, na shule yake ilikuwa ya Kifaransa. Basi mteja ndiye aliyesoma Kiingereza na kumfasiria, naye akisuka na kurudia mpaka yaingie.

Mwalimu wao aligawa miaka, yeye akaangukiwa na 1804. Jumatatu angesimama aueleze mwaka huo duniani kote. Akishindwa, jina lake lisingepelekwa kwenye matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, na bila matriki asahau uuguzi alioutamani.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja 1994 na mume wangu, aliyekuwa akirudi kwao kutoka uhamishoni, na nilipenda mno kujigamba kwamba nyumbani kwetu Kiingereza ni cha mezani. Mdomo huponza kichwa. Kukiongea, sawa, cha dukani. Kukisoma, eish! Siku nilipokaa kitini kwake, ukurasa wa 1804 niliambulia majina na picha tu. Niseme sijui? Nani, mimi? Nikasoma hivyo hivyo. Palikuwa na picha ya treni ya mvuke. Nikaipeleka kutoka London mpaka Paris, bahari isinizuie. Palikuwa na Napoleon na taji, nikamvika. Palikuwa na watu weusi wenye bunduki, chini yao neno Haiti. Nikasema watumwa walilipiga jeshi la Ufaransa wakajifanyia nchi yao.

Hapo vidole vyake vilisimama. Akataka nirudie. Nikarudia, nikaongeza chumvi.

"Mama Thandi," akasema, "kama bale baliweza, miye nitashindwa na matriki?"

Wiki nzima aliwasimulia wateja, na akamsimulia mwanawe. Jumamosi nilipopita kumsalimia, alikuwa akimsuka Lerato, binti wa mtaani pale, huku akijizoeza kumsimulia mwaka wake kwa Kiingereza cha kuokoteza. Alipofika kwenye treni, Lerato akauliza ilivukaje bahari. Mama Gradi akanitazama, akingoja nimtetee.

Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Nisamehe, Mama Gradi. Sikukisoma kile kitabu. Kiingereza cha kusoma sina. Nilitunga."

Hakunitukana, heri angenitukana. Alikaa kitandani na chanuo mkononi, kichwa cha Lerato kikiwa kimesukwa nusu.

"Na ile ya batumwa ba Haiti?"

"Nayo niliibuni, kwa kuangalia picha."

"Nilimwambia Gradi ni kweli," akasema, na machozi yakamtoka.

Nilimpa Lerato kitabu nikamwomba asome polepole, kwa maneno mepesi ambayo sote tungeyaelewa. Treni ilikuwa imevuta chuma huko Wales, maili chache tu. Napoleon alijitwalia taji kweli, bahati yangu. Kisha Haiti: tarehe mosi Januari 1804, baada ya miaka zaidi ya kumi ya vita, waliokuwa watumwa walitangaza nchi huru, jeshi la Napoleon wakiwa wamelishinda.

"Soma tena," Mama Gradi akasema.

Lerato akasoma tena.

"Balishinda." Alijifuta uso kwa kanga, akanigeukia. "Mama Thandi, weye ni muongo. Lakini ile hukuweza kuiongopa."

Jumatatu jioni alinilazimisha nimsindikize darasani, nikakae nyuma nisikie mwaka wenyewe. Alisimama, akaanza na Haiti. Alipofika kwenye neno "walishinda" alinitazama kule nyuma. Akalirudia, kwa nguvu. Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha ya mtihani kabla hajafika kwenye treni.