Kiti cha Mwenye Hisa

Vijana mtakaosoma haya, mnataka kujua hisa huanzwa vipi. Mimi nilianza kwa hasira. Nitakuelezeni nilivyofanya, nanyi mfanye kinyume chake. Lakini msingoje nijute yote.

Nilikuwa mtu wa chai katika hoteli moja hapa Dubai. Shule yangu ilikoma darasa la nne. Magoti yalikuwa yamevimba, na nilikuwa naweka akiba ya kuyatibu. Asubuhi moja ukumbi ukapangwa kwa mkutano wa mwaka wa kampuni moja ya maghala. Wageni walikuwa hawajafika. Nikakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, niyapumzishe magoti kidogo tu.

Msimamizi wetu akanikuta. Mtu wa kwetu yule, wa pwani, umri wa mwanangu wa kumzaa.

"Bibi, hicho kiti unakijua cha nani?"

"Cha hoteli, mwanangu."

"Leo cha wenye hisa. Wewe wa birika. Yalla, simama!"

Wasichana wa kazi wakacheka. Alipoona wamecheka, akanogewa. "Siku ukiwa na hisa, njoo ukae. Chai nitakumiminia kwa mkono wangu, na sukari nikukorogee!"

Nikasimama. Nilikuwa nahesabu miezi mpaka mkutano mwingine.

Kosa langu la kwanza, nilidhani hisa hununuliwa kwenye kampuni yenyewe, kama unga dukani. Siku yangu ya mapumziko nikaenda mpaka Ras Al Khor kwenye maghala yao, pochi nimeikumbatia. Mlinzi wa getini, Mganda, alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Mama, hapa yanatoka makontena tu. Hisa ziko kwenye soko la hisa. Na pesa hizo usitembee nazo, ziweke benki."

Yule namuombea dua mpaka leo.

Huko sokoni binti wa kaunta akataka pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na akaunti ya benki. Nikampa akaunti ya binti yangu. Akairudisha: jina langu, akaunti yangu. Hilo lishikeni. Atakayekwambia nipe pesa nikununulie kwa jina langu, huyo mfungie mlango. Nikapewa namba ya mwekezaji, kisha nikaelekezwa kwa dalali mwenye kibali, maana sokoni huingii mwenyewe. Dalali anakununulia, na anachukua ujira wake ukinunua, na tena ukiuza. Yote hayo nilikuwa siyajui.

Dalali akanishauri nisiweke zote kwenye kampuni moja, nigawe. Nikamwambia sikuja kugawa. Nikatia akiba nzima ya magoti kwenye kampuni ile ile ya maghala. Nilidhani hisa zikiwa chache watanirudisha mlangoni.

Haukupita mwezi, bei ikaanza kuteremka. Binti yangu, ambaye naishi kwake Jumeirah Village Circle na mumewe na watoto wao, akaziona karatasi.

"Mama! Pesa ya matibabu? Ulikuwa unatafuta utajiri?"

"Nilikuwa natafuta kiti."

Nikamhadithia. Akashika kichwa. "Mama yangu, hisa moja tu inakuingiza mkutanoni. Moja!"

Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. Pengine ningengoja bei ingepanda, sijui. Lakini pesa ya matibabu si ya kungojea bei. Nikaziuza kwa hasara, zote kasoro moja. Magoti yakangoja mwaka na nusu zaidi, na kila ngazi niliyopanda niliitaja ile hasara. Pesa utakayoihitaji kesho usiipeleke sokoni, hata ukiwa umetukanwa.

Mkutano ukafika. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikavaa buibui langu jipya. Kwenye meza ya mlangoni kijana akatafuta jina langu kwenye orodha, akaliona, akanipa kadi. Nikapita viti vya nyuma vyote. Nikakaa mbele.

Msimamizi akaja mbio.

"Bibi, umepotea? Jikoni kule!"

"Soma kadi."

Akaisoma. Akacheka kwa pua. "Hisa moja!"

"Moja yangu. Wewe unazo ngapi?"

Wasichana wamesimama na mabirika, wale wale.

"Uliahidi mbele yao," nikamwambia. "Au neno lako nalo halina hata hisa moja?"

Akamimina. Nusu ikaenda kwenye kisosi. "Sukari," nikasema. Akatia. "Koroga." Akakoroga. Nikaiacha mpaka ikapoa, nikamwita tena. "Hii imepoa, mwanangu. Nyingine." Nikamwita mara tatu. Yaliyosemwa na wakubwa kwa Kiarabu sikuyaelewa, lakini walipoinua mikono, na wangu nikauinua.

Kesho yake akanipeleka kwenye kuosha masufuria. Nikaenda. Mtu aliyenikorogea sukari atanitisha na nini?

Baadaye nilianza upya, taratibu. Kila mwezi kidogo, pesa ambayo ikipotea hatulali njaa, kwenye kampuni kadhaa ambazo kazi yake naijua kwa macho yangu. Gawio, fungu langu la faida ya kampuni, lilipokuja nililirudisha humo humo. Bei zikishuka napika, zikipanda napika. Magoti yakatibiwa. Hisa ile moja sijaiuza.

Habari zikaenea mahotelini kwamba bibi wa chai anajua hisa. Ijumaa moja mlinzi wa jengo letu akapiga simu kutoka chini: kuna mgeni, amebeba matunda, anataka bibi amfundishe kuanza. Akataja jina. Lilikuwa la yule msimamizi.

"Mama, ya zamani yameshapita," binti yangu akasema. "Mgeni huyo. Akija mtu, kwanza hupewa kiti. Wewe ndiye uliyetufunza."

Kweli, mimi ndiye niliyewafunza. Nami sikumnyima elimu. Nilikusudia kumweleza yote, tangu pasipoti mpaka ujira wa dalali, bila ya kuficha neno.

Nikawaita wote sebuleni, mkwe na wajukuu pia. Nikawaambia:

"Viti vyote vipelekeni chumbani, na makochi, na kile kigoda. Bakisheni changu. Kisha mfungulieni."