Nati kwenye Kopo la Mama

Mama yangu ni fundi cherehani. Hukaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na riziki yake ni vile vijikazi ambavyo mafundi wakubwa huvikataa: kupunguza suruali, kubadili zipu, kutia viraka. Vijikazi hivyo hulipwa kwa sarafu. Kila jioni zilizosalia ziliingia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake.

"Hizi ni za balaa," alisema. "Balaa halipigi hodi."

Hakuzihesabu hata siku moja. Aliliinua kopo kwa mkono mmoja, akatulia kidogo, kisha akatoa hukumu: "Limeshiba," au, "Lina njaa." Mimi, msomi wa nyumba, nilimcheka.

"Mama, pesa isiyozunguka imekufa."

"Iache ife. Siku ya shida hufufuka."

Mwaka wangu wa mwisho chuoni tulikuwa tukiwapigania kina mama wanaofagia mabweni, ambao hawakuwa wamelipwa kwa miezi mitatu. Tulitaka kuchapisha karatasi za kuwaita wanafunzi mkutanoni, na mfuko wa chama chetu ulikuwa mtupu. Nikalikumbuka kopo. Nilijiambia naazima tu. Nilijiambia pia kwamba haki haiwezi kusubiri. Nikachota zaidi ya nusu, na kwa kuwa nilijua mizani ya Mama ni mkono wake, nikafidia uzito kwa nati kuukuu nilizookota kwa fundi baiskeli. Nikazifunika kwa sarafu, nikaliinua kopo mara tatu mpaka nikaridhika. Elimu yote ile, na nilichofanya nayo ni kuudanganya mkono wa mama yangu.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali, alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika mkono. Siku hiyo alinyamaza kimya. Nilimbeba mgongoni, Mama akalipakata kopo, tukaenda hospitali. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Kwenye dirisha la malipo Mama akamimina. Sarafu zikatangulia, nati zikafuata, moja ikabingiria hadi miguuni pa mzee aliyekuwa nyuma yetu.

Karani akaishika nati kwa vidole viwili. "Mama, hapa tunaunga mifupa. Baiskeli ni mtaa wa pili."

Foleni ikacheka. Mama hakucheka, wala hakunitazama. Alizirudisha nati koponi moja moja.

"Nimechanganya makopo," alimwambia karani. "Niwie radhi, mwanangu. Anzeni kumtibu mtoto, narudi na zilizopungua."

Alirudi baada ya saa nzima, bila mkasi wake mkubwa aliourithi kwa bibi. Alikuwa ameuweka rehani kwa fundi wa kibaraza cha jirani, mwanamke aliyekuwa akinyang'anyana naye wateja na kurushiana vijembe kila kukicha. Chiriku akafungwa plasta.

Tukiwa kwenye benchi nikamwambia ni mimi.

"Nyumbani tuko watatu," alisema. "Mimi sikuzitia, na huyu hajui hata nati ni nini." Akaliweka kopo chini. "Sarafu zilifanya kazi gani?"

Nikamweleza habari za karatasi, mkutano na wafagiaji.

"Wamelipwa?"

"Bado."

Alimvuta Chiriku, akamlaza mapajani. "Basi wasijue zilikotoka. Wataona haya bure, na kosa si lao."

Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi; kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Kesho yake nilimkuta kibarazani akikata kitambaa cha mteja kwa wembe, polepole, ulimi umebanwa kwenye meno, asije akapotosha mstari. Nikamwomba nimsaidie.

"Shika upande huo," alisema bila kuinua macho. "Na usivute."

Nikashika.