Bahari ya Mikorosho Minane

Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na kwa kuwa wote niliowakosea walishanisamehe, leo naisimulia mwenyewe kabla wajukuu hawajaitia chumvi (na kwa chumvi, mimi sina haki ya kumlaumu mtu).

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni Kilwa, ambako maalimu alitufundisha mapambo ya maneno: tashbihi, yaani kufananisha kitu na kitu, na mubalagha, yaani kulikuza jambo kupita kadiri yake ili uzito wake uhisiwe. Akatuonya kwamba mubalagha hutiwa kwa ncha za vidole. Mimi niliitia kwa kata.

Nilipofika kwetu Tingi, kaka yangu Selemani, mtu wa maneno machache, akaniomba nimwandikie barua ya posa kwa wazee wa Mwanahawa, binti wa Mitole. "Andika nina mikorosho minane, nguvu ninazo, na nampenda." Basi nikaona barua nyembamba hivyo itaniaibisha (msomi mzima mimi), nikaandika kwamba uso wa Mwanahawa ni kama mwezi wa usiku wa kumi na nne, na shamba la Selemani ni bahari ya mikorosho, kanga akianza kulivuka akiwa kifaranga hutokea ng'ambo akiwa na vifaranga vyake. Sikumsomea kaka. Nikaikunja, nikampa mshenga.

Wiki ya pili akaja Mzee Mbaraka, baba wa binti, kwa miguu kutoka Mitole, pamoja na Bibi Somoe, mama mzazi wa mzee huyo, maana posa haijibiwi kabla ya kutazama. Selemani akawapeleka shambani kwa furaha. Mzee akahesabu hadi minane, akachungulia na nyuma ya kichuguu.

"Bahari iko wapi?"

"Bahari gani, baba?" akauliza Selemani.

Waliporudi nyumbani barua ikatolewa, nikaamriwa niisome barazani mbele ya wazee wote wa kijiji, na kila neno nililolionea fahari likawa pilipili mdomoni.

"Anayedanganya kwa miti atadanganya na kwa mke," akasema Mzee Mbaraka, akachukua fimbo yake aondoke. Selemani alinitazama tu. Afadhali angenipiga.

Nikasimama. "Kaka hana kosa, baba. Alinitajia minane. Hayo mengine ni yangu, na si uongo, ni mubalagha."

Bibi Somoe, aliyekuwa akitafuna tambuu yake, akaniuliza kwa upole, "Sawa, mwalimu. Na huo uso wa mwezi wa mjukuu wangu, nao ni mubalagha?"

Nikisema ndiyo, nimemtukana binti mbele ya baba yake. Nikisema siyo, nani ataamini tena kwamba kanga tu ndiye niliyemkuza?

Selemani akasema taratibu, "Mwezi sijauona ukipalilia, bibi. Mwanahawa nimemwona. Alimaliza sehemu yake, akarudi kumsaidia mama yake. Huyo ndiye ninayemtaka."

Bibi akacheka mpaka tambuu ikamtoka. "Mbaraka, weka fimbo chini. Huyu hajui kuongopa. Mwongo ni karani wake."

Wakaoana, alhamdulillahi, na kila nilipokula kwao shemeji Mwanahawa alinijazia wali na kuniuliza kama naiona bahari au kidimbwi. Barua za posa nimewaandikia watu wengi tangu siku ile, na sifungi hata moja kabla sijamsomea mwenyewe. Mwenye mikorosho minane naandika minane, na kama mmoja umekauka, nao naueleza.