Jogoo wa Fungu la Kumi

Jamani, mie karani wa Mwingereza, mzee wa kanisa hapa Temeke, nimeumbuka. Wiki nzima nilimhubiria mke wangu: kwanza fungu la kumi, kisha unga, tamaa mwiko. Jumapili, baada ya ibada, sadaka zilizotolewa zikanadiwa nje ya kanisa. Akainuliwa jogoo mwekundu, udenda ukanitoka. Kila mwalimu wa shule alipotaja bei, mie nikaongeza, mpaka shilingi za unga zikaisha. Nikampakata jogoo wangu, nikajigamba: “Nyumbani ninaye kama huyu. Sasa watakuwa wawili!”

Mke wangu akapaza sauti kutoka walikosimama wanawake: “Baba Yona, nyumbani hatuna jogoo. Huyo ndiye niliyemtoa fungu la kumi asubuhi.”