Birika la Mama Kepher

Jentrix alikuja huku Silibwet kutoka Kakamega akiwa bibi harusi. Mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Jentrix mwenyewe huwauzia chai wachumaji kando ya shamba. Kwetu ni Mama Kepher, na mimi, jirani yake, nimesikia sifa za birika lake mpaka masikio yamechoka.

Kipindupindu kilipozuka, wagonjwa wote walikuwa wateja wake, hata Sally, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Maneno yakaenea, watu wakamkimbia. Akabaki na birika limejaa, akilia mchana kweupe bila haya.

Ndipo akaja Kipkirui, afisa wa afya, kutafuta ugonjwa ulikotoka. Huko hospitalini alikuwa ameuliza kila mgonjwa amekunywa nini. Wote walimjibu chai.

"Chai yangu, daktari?" Jentrix akafoka. "Hii inachemka mpaka kifuniko inacheza! Kijidudu gani itaishi hapo ndani?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Niwekee kikombe, vile tu unawekea wateja."

Akammiminia. Kisha, kwa ukarimu wake, akachota maji ya chemchemi kwenye ndoo na kumwongezea kidogo. Hapa kwetu wachumaji wote hunywa hivyo. Lori la majani halingoji mtu, nani ana muda wa kupuliza?

"Hayo ni ya nini, mama?"

"Ni ya kupoza, usiungue ulimi."

Kipkirui akaweka kikombe chini. Jentrix akatazama ndoo, akatazama birika, akashika kichwa. "Woi! Kumbe ni mimi!"

Maji yakapimwa, vijidudu vikapatikana, chemchemi ikafungwa. Wagonjwa wote wakapona, asante Mungu. Lakini nani angerudi kwenye birika lile?

Asubuhi moja Sally akatokea, amekonda, kikapu mgongoni. Wachumaji wakageuka kutazama. Jentrix hakuthubutu hata kumsalimu.

"Mama Kepher, chai."

"Ni moto, Sally. Siku hizi siongezi kitu."

"Kwani nimekuuliza kama ni moto?"

Akapuliza, mashavu yamevimba. Lori likapiga honi. Yeye akapuliza tu. Alipomaliza, akanyoosha kikombe aongezwe, na nyuma yake foleni ikaanza. Jentrix akamimina huku machozi yakimtoka na kicheko juu yake.

Honi ikalia tena. Dereva akaambiwa angoje.