Bunduki za Idi

Pale Yide Lu, huko kwa Wachina, kwenye maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea, wenzake wanamwita Mzee wa Sikukuu. Kwa miaka mingi ndiye aliyewanunulia wenye maduka wa Unguja bunduki za plastiki, zile watoto wanazochezea vita viwanjani siku ya Idi. Sasa maduka yamestaarabika. Yanaagiza farasi wenye pembe na seti za udaktari. Bunduki hayataki, hata za maji. Mapanga bado yanauzwa, rafu ya pili. Najat, anayemfungia mizigo, humwona akipita penye bunduki. Hasimami, ila kidole chake cha shahada hujikunja chenyewe, na muuzaji akimwita, "Pengyou, rafiki, bei nzuri!" hujibu "Bu yao, sitaki," kwa sauti ya mtu anayekataa chakula mchana wa Ramadhani.

Leo Najat ameikuta moja katikati ya seti za udaktari, imeviringishwa kwenye shati.

"Ami, wenye duka wakiiona hii watakurudishia mzigo mzima."

"Si ya duka. Ya mwanangu Gharib. Nilimwahidi siku ile naondoka, anang'oka meno."

"Basi mpigie, umuulize kama bado anaitaka."

Akapiga.

"Bunduki?" ikajibu sauti nzito, na nyuma yake watu wakaangua kicheko. "Baba bwana, wanipeleka vitani? Mimi nanyoa ndevu sasa!"

Akacheka nao, akacheka sana. Kisha akamuuliza, taratibu, nani aliyemfundisha kunyoa.